Kusoma Kinyumenyume

Mama alisahihisha prufu miaka ishirini na sita
katika matbaa moja ya Barabara ya Lusaka,
penye harufu ya wino na sabuni ya kiwanda jirani,
na hakuna kitabu hata kimoja alichokijua kisa chake.
Alianzia neno la mwisho la ukurasa wa mwisho
akarudi nyuma, neno kwa neno, kalamu nyekundu sikioni.
"Ukiifuata hadithi," alikuwa akisema, "kosa linakupita
limeshika mkono wa maana, kama mgeni wa arusi asiyealikwa."

Leo nimesimama Chiromo, ghorofa ya pili,
stima zimepotea, projekta imefumba jicho,
wanafunzi kumi na mmoja na ubao wenye ufa.
Naandika sufuri. Naandika moja.
Halafu naandika kile ambacho ni vyote viwili
mpaka mtu akitazame.
Lekuton, wa dirishani, anauliza:
Mwalimu, ikiwa kukitazama ni kukiua,
tutajuaje kwamba kimeharibika?

Namweleza kwanza ya zamani, yaliyo mepesi:
sema jambo mara tatu, wawili wakipatana, wa tatu kakosea;
tarakimu ya mwisho nyuma ya jalada
inayozilinda kumi na mbili zilizotangulia;
ule mraba wa madoa meusi kwenye risiti,
umekunjwa mfukoni, umemwagikiwa chai,
na simu bado inausoma.
Lakini cha kwanta hakinakiliki. Hakuna mara tatu.
Basi hatukiulizi chenyewe.
Tunawauliza majirani: mnafanana, au hamfanani?
Mlichobeba hatutaki kukijua.
Jibu linatuonyesha jeraha, ujumbe haliugusi.

Hapo chaki ikanikatikia mkononi.

Jumapili nilimkuta Umoja, barazani, akimenya njegere.
Nilikuwa nimempelekea maparachichi na habari za kazi.
"Na hao wasahihishaji wenu," akauliza, "wao hawakosei?"
Hukosea, mama. Kila mmoja.
"Basi mnaongeza watu wa kuongeza makosa.
Mwaka ule wa vitabu vya darasa la nane
meneja Shavji alituletea vibarua tisa,
tukaanza kusahihisha yaliyokuwa sahihi."

Nilicheka, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, miaka mingi:
kila tuliyemwongeza alikuja na kelele zake.
Lakini kuna kizingiti.
Wakikosea mara chache kuliko kiwango fulani,
ongeza safu, ongeza tena, na utulivu unazidi;
na juzijuzi, katika maabara za mbali
zenye baridi kuliko giza lililo kati ya nyota,
mashine zimekanyaga upande wa pili.
Mraba mkubwa umedumu kuliko mdogo.

"Upande wa pili," akarudia. Njegere zikagonga bakuli.

Nikamwambia pia juu ya misimbo mipya,
ile isiyoridhika na jirani wa ukuta kwa ukuta:
kila mlinzi ana nyuzi chache, ila ndefu,
mmoja hapa Umoja, mwenzake Kangemi, mwingine kule Rongai,
na walinzi haba wanatunza siri nyingi.
Karatasini imethibitika. Waya wenyewe,
nani atautandaza, bila kugusa waya mwingine?
Hapo sikumdanganya. Nilimwambia hatujui vizuri.

Akafuta mikono kwenye leso, akaingia ndani,
akarudi na kitabu chembamba, gundi imekauka mgongoni.
Siku hizi anasoma kwenda mbele, kama watu,
vile alivyowahi kuvipitia kinyumenyume.
"Ukurasa wa mia na kumi na mbili," akasema.
"Miaka thelathini limekaa hapo, langu mwenyewe."
Nikatazama chini ya ukucha wake:
*alilai*, pahali pa *alilia*.

"Nami," akasema, "nilikuwa nimeshalia
kabla sijaliona."